Waifai imeshika lakini kurasa hazifunguki: mwongozo wa kutafuta tatizo la intaneti nyumbani

Ruta imewaka, simu imeshika waifai na alama imejaa, lakini kivinjari kinazunguka tu. Hapo watu wengi hufanya mambo matatu kwa mpigo: wanazima ruta, wanazima simu, wanampigia mtoa huduma na kumlaumu. Pengine mtandao unarudi, lakini hakuna aliyejua kilichoharibika, na tatizo likijirudia wiki ijayo wanaanza upya.

Njia bora ni kupima kwanza, kubadilisha kitu kimoja tu, kisha kupima tena. Na katika vipimo vyote, kuna swali moja linalopaswa kujibiwa mapema: je, njia ya kwenda nje imekatika, au njia ni nzima ila majina hayapatikani?

Intaneti husafirisha data kwa namba. Ukiandika tcra.go.tz, tovuti ya mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kifaa chako hakijui seva hiyo iko wapi mpaka kiulize seva ya DNS, nayo ikijibu kwa kutoa anwani ya IP ndipo safari inaanza. Paul Mockapetris alibuni mfumo huu mwaka 1983, kwa sababu orodha ya majina iliyokuwa inatunzwa kwenye faili moja huko California ilikuwa imezidiwa. DNS ikigoma, unakuwa kama mtu aliyefika Kariakoo na jina la duka bila kujua liko mtaa gani: barabara ni nzima, daladala zinatembea, lakini hujui ushukie wapi.

Kabla ya kugusa kitu

Jiulize maswali machache. Tatizo liko kwenye kifaa kimoja au vyote? Kama simu yako inagoma na ya mwenzako inafungua kila kitu kwenye waifai ileile, achana na ruta, chunguza simu. Ni tovuti moja au zote? Tovuti moja ikigoma huku nyingine kumi zinafunguka, huenda tatizo liko kwa mwenye tovuti. Je, kifurushi kimeisha? Hili linaonekana dogo, lakini malipo yakiisha baadhi ya watoa huduma huacha waifai na anwani zikiwa hai, kisha hugeuza kila ombi lielekee kwenye ukurasa wa kulipia. Ukurasa huo ukishindwa kujitokeza, unachokiona ni mtandao uliokufa. Fungua neverssl.com, tovuti iliyotengenezwa makusudi bila usimbaji, na ukurasa wa malipo kama upo utajitokeza.

Usidanganywe na programu ya ujumbe inayoendelea kupokea meseji. Programu iliyokwisha kuunganishwa na seva yake kabla ya tatizo kuanza haihitaji kuuliza jina tena. Meseji zinaweza kuingia wakati DNS imekufa kabisa, na hiyo yenyewe ni dalili nzuri kwamba njia ipo.

Kuna jambo naomba ulizingatie kuliko mengine yote katika sehemu hii. Kuzima na kuwasha ruta ni tofauti na kubonyeza kile kitobo kidogo cha nyuma kilichoandikwa "Reset". Kitobo hicho hufuta mipangilio yote na kuirudisha ya kiwandani. Kwenye laini nyingi za faiba, ruta huingia kwa mtoa huduma kwa jina la mtumiaji na nenosiri ambavyo fundi aliviweka siku ya kufunga. Ukivifuta, tatizo dogo la dakika tano linageuka kuwa siku mbili za kumsubiri fundi. Usiingize sindano hapo mpaka uwe na taarifa hizo mkononi.

Soma taa

Kwenye kifaa cha faiba kilichofungwa ukutani, tafuta taa mbili: PON na LOS. PON ikiwa ya kijani na imetulia, kifaa kimeshaelewana na mtambo wa mtoa huduma. Ikiwa inamweka bila kutulia, kinajaribu bila mafanikio. LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa: waya umekatwa, umekunjwa sana, au umechomoka. Angalia kama kuna meza iliyousukuma waya au mtoto aliyeuvuta, kisha piga simu. Hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoponya waya uliokatika, kwa hiyo ukiona LOS nyekundu acha hatua zinazofuata zote.

Wenye ruta za laini ya simu waangalie taa ya mnara. Mara nyingi kuhamishia ruta kwenye dirisha linaloelekea mnara kunasaidia kuliko mpangilio wowote utakaoubadilisha.

Ukiamua kuzima na kuwasha, fuata mpangilio. Zima kifaa cha faiba na ruta, subiri kama nusu dakika, washa cha faiba peke yake, kiache mpaka PON itulie, ndipo uwashe ruta.

Anwani ya kifaa chako

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika:

ipconfig /all

Kwenye Linux tumia `ip addr`, kwenye Mac `ifconfig`. Kwenye simu, gusa jina la waifai uliyounganishwa nayo ndani ya mipangilio, utaona anwani.

Anwani ya kawaida ya nyumbani huanza na 192.168 au 10. Ukiona inaanza na 169.254, kifaa kiliomba anwani kwa ruta, hakikujibiwa, kikajipangia chenyewe. Anwani hiyo haitakufikisha popote nje. Sahau mtandao huo kwenye kifaa na uunganishe upya. Vikigoma vifaa vyote, washa ruta upya, maana huduma yake ya kugawa anwani imekwama.

Ukiwa hapohapo (kwenye Linux na Mac angalia mipangilio ya mtandao, maana amri hizo mbili hazionyeshi haya), andika pembeni mambo mawili: anwani ya lango, ambayo ndiyo ruta yako, na anwani za seva za DNS. Lango mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1. Utavihitaji hivi punde.

Vipimo vitatu vya ping

Huu ndio moyo wa kazi. Ping ni amri inayotuma ujumbe mdogo kwenye anwani, ikasubiri jibu na kukuonyesha limechukua milisekunde ngapi. Pima kwa mpangilio huu, ukiweka lango lako mahali pa ile ya kwanza:

ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
ping google.com

Ya kwanza inapima kati yako na ruta. Ikikosa majibu au ikipanda na kushuka ovyo, tatizo liko ndani ya nyumba. Chomeka kompyuta kwa waya wa LAN upime tena. Waya ukifanya vizuri, shida ni waifai: masafa ya 5 GHz yana kasi lakini hushindwa na kuta za zege, na ya 2.4 GHz hufika mbali lakini kwenye majengo ya ghorofa hubanana na ya majirani. Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 pekee, kwa kuwa hizo haziingiliani.

Ya pili, 8.8.8.8, ni seva ya umma ya Google: inapima njia ya kwenda nje bila kutumia jina lolote. Ya tatu inapima njia hiyohiyo ikiongezewa DNS.

Namba ikijibu na jina likagoma, una tatizo la DNS. Vyote viwili vikigoma huku ruta inajibu, njia ya nje imekatika, ruka uende sehemu inayohusu hilo. Vyote vikijibu na kurasa bado hazifunguki, tatizo liko kwenye kivinjari, saa ya kifaa au VPN.

Kwa asiye na kompyuta kuna kipimo kizuri cha simu. Andika https://8.8.8.8 kwenye kivinjari. Seva hiyo ikifikika, hukuelekeza kwenye jina lake, dns.google. Ukiona anwani ya juu imebadilika kuwa dns.google lakini ukurasa ukashindwa kufunguka, njia ni nzima na majina ndiyo yamekwama. Isipobadilika kabisa, njia yenyewe ina shida.

Namba inajibu, jina halijibu

Anza na ujumbe wa kosa. ERR_NAME_NOT_RESOLVED na DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN ni mambo ya majina. ERR_CONNECTION_TIMED_OUT maana yake jina lilipatikana lakini seva haikujibu, na hapo kubadilisha DNS ni kupoteza muda. ERR_INTERNET_DISCONNECTED inasema kifaa hakina muunganisho wowote.

Kwenye Android, anza na jambo linalosahaulika sana: DNS ya faragha, iliyopo tangu Android 9. Mtu anaweka jina la seva fulani ili azuie matangazo, anasahau, seva ile inazimwa au mtandao wa mahali fulani unafunga mlango namba 853 unaotumika, na simu inasema haina intaneti huku vifaa vingine vinapeta. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya faragha, iweke kwenye hali ya otomatiki. Hali ya otomatiki hurudi kwenye DNS ya kawaida ikishindwa, lakini jina uliloliandika mwenyewe likigoma simu hairudi nyuma. Mpangilio huo huo ndio unaowazuia wengine kuuona ukurasa wa kulipia waifai ya hotelini au ya mtaani.

Kwenye kompyuta, uliza seva mbili swali lilelile:

nslookup tcra.go.tz
nslookup tcra.go.tz 1.1.1.1

Amri ya kwanza inauliza seva uliyopewa na ruta. Ya pili inauliza 1.1.1.1, seva ya umma ya Cloudflare iliyofunguliwa Aprili 2018. Kulinganisha majibu ndiko kunakokuonyesha mgonjwa.

Ya kwanza ikichelewa mpaka muda ukaisha na ya pili ikajibu, mgonjwa ni ruta yako au DNS ya mtoa huduma. Wanatofautishwa kwa urahisi. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tazama anwani za DNS zilizotoka kwa mtoa huduma, kisha uliza moja ya hizo kwa nslookup moja kwa moja. Ikijibu, ruta ndiyo imechoka, izime na kuiwasha. Isipojibu, tatizo ni la mtoa huduma na majirani zako wenye laini ileile huenda wanalo pia.

Zote mbili zikichelewa huku `ping 8.8.8.8` inajibu, kuna kitu kinazuia mlango namba 53, ambao maswali ya kawaida ya DNS hupitia. Zima VPN kwanza, kisha chunguza programu ya kuzuia virusi, maana baadhi huingilia DNS ili kuchuja tovuti.

Zote zikisema jina halipo, yaani NXDOMAIN, soma tahajia yako vizuri. Ukiwa umeandika sawasawa, huenda mwenye tovuti hajalipia jina lake. Zikisema SERVFAIL, jina lipo lakini seva za mwenye tovuti hazifikiki au saini zake za usalama zina kasoro. Hapo huna la kufanya nyumbani. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea duniani kwa takriban saa sita, kwa sababu njia za kuzifikia seva zao za DNS ziliondolewa kwenye intaneti. Watu wengi walibadilisha DNS kwenye simu zao siku hiyo bila faida yoyote, kwani kila seva ya dunia ilikuwa inamuuliza mtu asiyepatikana.

Kuna jibu moja ambalo linapaswa kukushtua: kila jina unalouliza linakupa anwani ileile. Huo ni ukurasa wa malipo, au kuna aliyebadilisha DNS kwenye ruta yako. Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2011 FBI walivunja genge lililosambaza programu hasidi iitwayo DNSChanger, iliyogeuza mipangilio ya DNS kwenye kompyuta zipatazo milioni 4 duniani. Seva za muda zilizowekwa kuwahudumia walioathirika zilizimwa Julai 9, 2012, na kompyuta zilizokuwa hazijasafishwa zikapoteza majina siku hiyo. Ukikuta kwenye ruta anwani za DNS usizozijua wewe wala mtoa huduma wako, zibadilishe, kisha badilisha nenosiri la kuingilia ruta papo hapo. Ruta nyingi za nyumbani bado zinafunguka kwa "admin" na "admin".

*Kusafisha kumbukumbu.* Kila jibu la DNS huja na muda wake wa kuhifadhiwa, labda sekunde 300, labda siku nzima. Tovuti ikihamia seva nyingine, kifaa chako kinaweza kung'ang'ania anwani ya zamani. Isafishe hivi kwenye Windows:

ipconfig /flushdns

Kwenye Mac:

sudo dscacheutil -flushcache; sudo killall -HUP mDNSResponder

Kwenye Linux nyingi za sasa: `resolvectl flush-caches`. Kwenye simu, washa na kuzima hali ya ndegeni. Tovuti moja tu ikiendelea kugoma kwenye kompyuta moja, fungua faili la hosts, lililoko C:\Windows\System32\drivers\etc kwenye Windows na /etc/hosts kwingineko. Ni mabaki ya ile orodha ya zamani, na kilichoandikwa humo hupewa kipaumbele kabla ya DNS. Mstari mmoja uliosahaulika unatosha kuificha tovuti.

*Kubadilisha DNS.* Fanya hivi baada tu ya vipimo kuonyesha kuwa DNS uliyonayo ni mbovu. Seva za umma zinazotumika sana ni 8.8.8.8 na 8.8.4.4 za Google, 1.1.1.1 na 1.0.0.1 za Cloudflare, na 9.9.9.9 ya Quad9, ambayo pia huzuia majina yanayojulikana kwa kusambaza programu hasidi. Ukibadilisha kwenye ruta, nyumba nzima inafuata. Ukibadilisha kwenye kifaa kimoja, unajaribu bila kuwagusa wengine, na mimi ningeanza hapo. Kwenye iPhone gusa alama ya i pembeni mwa jina la waifai, ingia "Configure DNS", chagua "Manual". Kwenye Android andika dns.google au one.one.one.one ndani ya DNS ya faragha.

Mitandao mingine hunasa kila swali linalopita mlango 53 na kulijibu yenyewe, hata kama umeandika 1.1.1.1. Ukiona kubadilisha namba hakuleti tofauti yoyote, jaribu DNS iliyosimbwa: hiyo ya faragha ya Android, au ile iliyomo ndani ya Chrome na Firefox kwenye mipangilio ya usalama. Kumbuka pia kwamba kivinjari chenye DNS yake kinaweza kugoma wakati nslookup inajibu vizuri, au kinyume chake. Hawaulizi seva moja.

Sipendi ushauri wa "weka 8.8.8.8 mtandao uwe na kasi" unaosambazwa kila mahali. DNS huchangia mwanzo wa safari tu, haiongezi upana wa laini. Na inaweza kukupunguzia kasi: watoa huduma wengi wana seva za akiba za video ndani ya mtandao wao, na DNS yao ndiyo inayokuelekeza kwenye zile za karibu. Ukimuuliza mwingine asiyejua uko wapi, unaweza kutumwa kuchukua video ileile ng'ambo.

Namba nayo haijibu

Fuatilia njia inaishia wapi: `tracert 8.8.8.8` kwenye Windows, `traceroute 8.8.8.8` kwingineko. Kituo cha kwanza ni ruta yako, cha pili na cha tatu kwa kawaida ni mtoa huduma. Ikifa baada ya kituo cha kwanza, ni laini yako. Ikifa mbele zaidi, ni mtandao wa mtoa huduma au ng'ambo. Nyota chache katikati zisikutishe, vifaa vingi vimepangwa visijibu. Muhimu ni kama mwisho unafikiwa.

Kwetu Afrika Mashariki lazima tukumbuke bahari. Tangu kebo ya baharini ya SEACOM ilipofika pwani yetu mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, sehemu kubwa ya data yetu hupita chini ya maji. Tarehe 12 Mei 2024 kebo hizo mbili zilikatika zote kusini mwa pwani, na Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zao zikayumba kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo, data inayobadilishwa ndani ya nchi kupitia vituo kama KIXP cha Nairobi au TIX cha Dar es Salaam inaendelea kupita, huku ya ng'ambo ikikwama. Pima tovuti ya ndani na ya nje. Chagua vizuri hiyo ya ndani, maana tovuti nyingi zenye mwisho wa .tz au .ke zimewekwa kwenye seva za Ulaya au Marekani.

Kama mtandao hukatika na kurudi, fungua madirisha mawili ya amri na uyaache yakiendelea (kwenye Linux na Mac ondoa -t):

ping -t 192.168.1.1
ping -t 8.8.8.8

Mtandao ukikatika, tazama lipi limeacha kujibu. Yote mawili yakikatika pamoja, ni waifai au ruta. La pili peke yake, ni laini. Ikiwa majibu hayakatiki ila kila jioni hupanda kutoka makumi ya milisekunde hadi mamia, laini imejaa: ama nyumbani kuna anayepakua au kupakia faili kubwa, ama mtoa huduma amezidiwa na wateja saa hizo. Tenga vifaa vingine kwa muda na utajua ni lipi.

Kurasa chache tu ndizo zinazogoma

Angalia tarehe na saa ya kifaa. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi miaka nyuma kila umeme unapokatika, na tovuti za https hukataliwa kwa sababu vyeti vyake vinaonekana bado havijaanza. Zima VPN. Jaribu kivinjari kingine.

Kwenye laini zinazotumia PPPoE, yaani zile ambazo ruta huingia kwa jina la mtumiaji na nenosiri, kuna ugonjwa mwingine: kurasa ndogo zinafunguka, kubwa zinakwama katikati. Pima kwa Windows `ping -f -l 1464 8.8.8.8`. Ikikataa na ikakubali namba ndogo zaidi, ruta inapaswa kupunguziwa MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data. Jumlisha 28 na namba kubwa iliyokubali, hiyo ndiyo MTU yako. Kawaida ya PPPoE ni 1492.

Ukimpigia mtoa huduma

Usimwambie tu kwamba mtandao haufanyi kazi. Mwambie: taa ya LOS haijawaka, PON imetulia, ruta inajibu, 8.8.8.8 haijibu kwa waya wa LAN, tangu saa fulani. Au: 8.8.8.8 inajibu, seva zenu za DNS hazijibu, 1.1.1.1 inajibu. Maelezo hayo humfikisha mhudumu kwa fundi anayehusika bila kukuzungusha kwenye "zima na uwashe". Omba namba ya malalamiko na uiandike pamoja na tarehe, kwa kuwa ukilazimika kwenda TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, watakuuliza kwanza kama ulimlalamikia mtoa huduma wako na alikujibu nini.